Salamu Kwenye Besi ya Tatu

Batula alipomwona Umulkheir akishuka kwenye lori la timu ya Ngaremara, glavu kwapani na kitambaa cha kijani kichwani, alisahau kurusha mpira. Wallahi hakuwa ameambiwa. Alijua Umulkheir anasoma huko, na alijua shule ile imeanzisha timu ya softiboli, lakini mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwake. Sasa huyo hapo, amerefuka, anacheka na wenzake, naye Batula amesimama katikati ya uwanja na mpira mkononi, mdomo wazi.

"We Batula, umeona jini?" aliuliza Nurto, mdakaji wao, msichana ambaye ulimi wake haukujua kupumzika.

"Nimeona dada yangu."

"Dada yako yupi? Wewe si uko peke yako kwenu?"

Batula aliugeuza mpira mkononi. Angejibu nini? Mama yake Batula, Darmi, na mama yake Umulkheir, Ado, ni watoto wa tumbo moja. Katika mtaa wa Chechelesi, hapo mjini, nyumba zao zilipeana mgongo, na wasichana hao wawili walikogeshwa kwenye karai moja, wakalala kwenye ngozi moja, wakachapwa kwa kosa moja. Watu wa mtaani walikuwa wakimwita huyu kwa jina la yule na hakuna aliyeona sababu ya kuwasahihisha.

Kisha ukaja ukame wa themanini na nne. Darmi alikuwa amemwazima mdogo wake, Ado, ng'ombe wa maziwa, kama Waborana wanavyofanya tangu zamani: ndugu akikosa maziwa unampa ng'ombe akamue, lakini ng'ombe anabaki wako. Jirma, mume wa Ado, alipoona jua limekazana, akamswaga ng'ombe yule hadi mnadani, akamuuza. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Lo! Mji mzima ulishangaa. Mali ya kuazimwa haiuzwi, hata mtoto mdogo analijua hilo. Ado alipopata habari alilia siku nzima, halafu akaja na wazee na buni za kahawa kumwomba dada yake msamaha, maana hivyo ndivyo kosa linavyozikwa. Mwenye kosa huleta, aliyekosewa hupokea, na mambo yamekwisha. Darmi alifunga mlango kwa komeo. Wazee wa watu walisimama juani mpaka wakachoka, wakarudi na buni zao.

Baada ya hapo Jirma alihamishia familia Ngaremara. Darmi akatoa amri kwamba jina la watu wale lisitajwe nyumbani mwake, na akina dada hao wakikutana sokoni wakawa wanapishana kama watu wasiojuana. Batula alikuwa na miaka kumi na tatu wakati huo. Sasa amefika kumi na sita na hajawahi kupata rafiki mwingine wa kumwambia siri. Tusifichane: alichokuwa anataka duniani, kuliko kwenda Embu kucheza mashindano ya mkoa, kuliko hata kupita mtihani, ni kurudishiwa Umulkheir wake.

Na kama vile siku hiyo haikuwa na vituko vya kutosha, alipogeuka upande wa watazamaji alimwona mama yake. Darmi hakuwahi kukanyaga uwanja ule. Mchezo wa kumvalisha binti suruali ndefu chini ya sketi akimbie mbele ya wanaume, alikuwa akisema, mchezo gani huo? Leo amekuja, amejifunga shuka yake mpya, ameketi mbele kabisa. Na upande wa pili wa uwanja, kwenye kivuli cha lori, alikuwa ameketi Ado.

"Ya Allah," alisema Batula kwa sauti. "Leo ndiyo leo."

Kabla ya mechi kuanza, Mwalimu Kirimi aliwakusanya wasichana wake. Kirimi alikuwa Mmeru mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na mchezo huu alikuwa amejifunza chuo cha ualimu. Wasichana walipoanza walikuwa wanajua raunda ya shule ya msingi tu, ya kukimbia ovyo na kupiga kelele, naye alikuwa ametumia muhula mzima kuwatoa raunda vichwani. Sasa aliwakumbusha tena kwa mara ya mia, huku akikanyaga gunia la mchanga lililokuwa besi.

"Kukimbia mnajua. Hata mbuzi anajua kukimbia. Mimi nataka mjue kusimama! Besi ya kwanza mnaweza kuipita kwa mbio, sawa. Ya pili na ya tatu, mguu ukibanduka tu na mtu akakugusa na mpira, wewe ni auti, umetolewa. Mpira ukipigwa juu na ukadakwa, mpigaji ni auti, na wewe kaa kwenye gunia lako mpaka udakwe, ndipo utoke. Mrushaji akishika mpira ndani ya duara lake, hakuna kutoka mpaka mpira uondoke mkononi mwake. Ukitoka kabla, auti. Ukisimama nje kushangaa mawingu, auti. Na mpira uko macho saa zote! Unalala refa akiinua mikono na kusema taimu. Mmenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

"Batula, umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Batula, ambaye macho yake yalikuwa kwa msichana wa kitambaa cha kijani. Hakuwa amesikia hata nusu.

Mechi ilikuwa kali, maana mshindi ndiye atakayekwenda Embu. Batula ndiye aliyekuwa mrushaji wa timu ya mjini, na mkono wake uliogopwa. Aliuzungusha mara moja kutoka chini na mpira ukatoka kama umefukuzwa. Ngaremara nao walikuwa na wapigaji wazuri na mlinzi wa besi ya tatu ambaye hakuna kitu kilichompita, naye alikuwa Umulkheir. Kwa muda mrefu wasichana wale wawili hawakutazamana. Yaani walitazamana, lakini kila mmoja alisubiri mwenzake ageuke kwanza.

Timu ya mjini ilikuwa inaongoza kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, Batula aliposhika bati, gongo la kupigia mpira, katika raundi ya tano. Mpira wa kwanza aliuacha. Wa pili aliupiga mpaka ukaenda kuingia kwenye miti ya miiba nyuma ya uwanja, akatoka mbio. Akaipita besi ya kwanza, akaizunguka ya pili, akasikia Kirimi akinguruma "Nenda! Nenda!" na akaiendea ya tatu kwa kuteleza, vumbi jekundu likafunika kila kitu. Mpira ulifika, ukadakwa kwenye glavu juu ya kichwa chake, lakini mguu wake ulikuwa umeshagusa gunia.

"Salama!" akapaza sauti refa, mwalimu Mturkana aliyeitwa Lomuria, kutoka shule nyingine.

Watazamaji wakapiga vigelegele. Batula akainuka, akajipangusa, mguu mmoja juu ya gunia. Alipoinua uso, Umulkheir alikuwa mbele yake, karibu kiasi cha kuona kovu dogo kwenye kidevu, kovu la siku waliyoanguka pamoja kutoka mgongoni mwa punda.

"Salaam aleikum, Batula," alisema Umulkheir. Na akanyoosha mkono.

Miaka mitatu! Miaka mitatu ya kupishana bila neno, na leo mkono huu, mbele ya watu wote hawa, mbele ya mama zao wote wawili. Nani angeuacha mkono huo ukining'inia hewani? Salamu inadaiwa jibu, na mkono wa ndugu hauachwi. Hakufikiri. Aliupokea kwa mikono yake miwili, kama alivyofunzwa, akasogea mbele, machozi yakamjaa.

"Aleikum salaam, dada. Dada yangu, uko—"

Umulkheir akamvuta na kumkumbatia. Mkono wake wa kushoto, ule wenye glavu, ukamzunguka Batula na kutua mgongoni.

"Amemgusa! Refa, amemgusa! Auti!" sauti ya msichana mmoja wa Ngaremara ilipasua uwanja.

Refa Lomuria akatazama miguu ya Batula. Ilikuwa mchangani, yote miwili, hatua nzima kutoka kwenye gunia. Akatazama glavu mgongoni mwake, na ndani ya glavu mpira mweupe ulionekana wazi. Akainua ngumi juu.

"Auti!"

Ngaremara yote ikalipuka. Wasichana walimvamia Umulkheir, wakambeba juu juu, wakamwita mjanja, wakamwita mbweha, wakaimba jina lake. Batula aliona mdomo wa Umulkheir ukifunguka na kufungika, lakini kelele zilimeza maneno. Akabaki peke yake pale besi ya tatu na mikono yake bado imenyooka mbele, haina mtu.

Hakuwa amewahi kushtuka namna ile maisha yake yote. Kama Umulkheir angempiga kofi ingekuwa afadhali, maana kofi unajua ni kofi. Lakini salamu? Mtu anakupa salamu ya Mungu na ndani yake ameficha mtego?

"Ungeomba taimu!" alifoka Mwalimu Kirimi aliporudi kwenye benchi. "Unamwambia refa taimu, anainua mikono, ndipo unasalimia ukoo wenu wote mpaka jioni! Mpira uko macho, nilisema!"

"Mwalimu," alisema Batula, "mtu anaomba taimu kabla ya kujibu salamu?"

Kirimi aliokota glavu iliyokuwa chini. Akaondoka akilaumu upepo.

Darmi alikuwa ameshafika nyuma ya benchi. Hakujua sheria hata moja ya mchezo ule, lakini alikuwa ameona mkono ukitolewa, ameona binti yake akiupokea, na ameona watu wakimcheka. Hayo yalimtosha.

"Umewaona?" alisema kwa sauti ya chini, na hiyo ya chini ndiyo iliyokuwa mbaya. "Nilikwambia nini? Ng'ombe wangu waliuza. Sasa wamefika mahali pa kuwindia watu kwa salamu. Mshenzi huuza mali, lakini hata mshenzi hauzi salamu. Huyo ndiye uliyekuwa unamlilia usiku ukidhani nimelala?"

Batula aliona aibu imemshika mpaka masikioni. Mama yake alikuwa amesikia! Miaka yote hiyo alikuwa anasikia, na hakusema kitu.

"Sitamlilia tena, aayo, mama yangu," alisema.

Na hasira ikamwingia, hasira ambayo haina adabu. Raundi ya sita alirusha mipira ambayo Nurto aliidaka huku akipiga kelele kwa maumivu. "Pole pole, wewe! Vidole vyangu nitaolewa navyo!" Batula hakusikia. Alikuwa anasubiri mtu mmoja tu, na katika raundi ya mwisho, timu ya mjini ikiwa bado inaongoza kwa mkimbio ule mmoja, mtu huyo alikuja. Umulkheir alishika bati na kusimama kwenye nafasi yake, akamtazama Batula moja kwa moja.

Kulikuwa na kitu machoni pake, kama anataka kusema neno. Batula hakutaka kukijua. Alizungusha mkono na kuuachia mpira, na hakuulenga kwenye glavu ya Nurto. Aliulenga kwenye mbavu.

Umulkheir aliuona. Hilo Batula aliapa baadaye, kwamba aliuona vizuri ukija na muda wa kuruka nyuma alikuwa nao. Aligeuza bega kidogo tu. Mpira ulimpata ubavuni, na sauti yake ilifika mpaka kwenye lori. Alipiga magoti. Watazamaji waliguna, na Batula akatoka hatua moja nje ya duara, akasita. Alikuwa amelenga, ndiyo, lakini alidhani atakwepa. Umulkheir si hukwepa kila kitu? Tangu utotoni hakuna aliyeweza kumpata na hata kokoto!

"Mpira umempata mpigaji. Besi ya kwanza," alisema refa.

Umulkheir aliinuka, mkono umeshika ubavu, akatembea mpaka besi ya kwanza bila kulia. Hakumlaumu mtu. Kule kwa lori Ado alikuwa amesimama, mikono kichwani. Darmi hakushtuka, kwa sababu alidhani hivyo ndivyo mchezo unavyochezwa.

Mpigaji wa pili alisukuma mpira chini. Watu wa mjini walimtoa auti kwenye besi ya kwanza, lakini Umulkheir alikuwa ameshafika ya pili. Wa tatu aliupiga juu sana, ukaelea kuelekea nyuma, na wasichana wa Ngaremara wakapiga yowe, "Kimbia! Kimbia!" Umulkheir hakukimbia. Alikaa juu ya gunia lake, mguu umebana, akitazama mpira ukishuka, na ulipotua tu kwenye glavu ya mchezaji wa mjini aliyekuwa nyuma kabisa alifyatuka, akachukua besi ya tatu akiwa ameshika mbavu. Hata Mwalimu Kirimi, aliyekuwa anataka kulia, alipiga makofi.

"Mnaona?" aliwaambia wachezaji wake wa akiba. "Huyo ndiye anayejua kukimbia. Huyo hawezi kutoka kwenye gunia kimakosa, hata umtishie simba."

Wapigaji wawili wa Ngaremara walikuwa wameshatolewa auti. Umulkheir alikuwa besi ya tatu. Akifika nyumbani, pale anaposimama mpigaji, timu zinalingana, na Ngaremara walikuwa na mpigaji wao mkubwa kwenye bati. Akitolewa mtu wa tatu, mechi imekwisha na mjini wanakwenda Embu. Kila mtu uwanjani alielewa hivyo, hata wauza mirungi waliokuwa wamesimama kando.

Batula alisimama ndani ya duara, mpira mkononi. Refa Lomuria alikuwa ameinama nyuma ya Nurto, macho kwenye mkono wa Batula. Nurto alikuwa ameweka glavu. Mpigaji alikuwa anatikisa bati. Na upande wake wa kulia, Batula aliona kitu kikisogea.

Umulkheir alikuwa ameshuka kwenye gunia.

Hakuwa anakimbia. Hakuwa anajiandaa kukimbia. Alitembea hatua moja, akatembea ya pili, akasimama mchangani, mikono imelegea, akamgeukia Batula. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Batula, ndani ya duara. Ni auti. Ni auti ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza angeiona, na huyu ni Umulkheir, ambaye dakika moja iliyopita amekaa juu ya gunia uwanja mzima ukimpigia kelele akimbie.

Batula alidhani amechanganyikiwa. Labda mpira ule wa mbavu umemharibu. Kisha aliona midomo yake ikisema kitu, bila sauti, taratibu ili asikosee kukisoma.

"Sema."

Hapo ndipo Batula alipoelewa. Lo, jamani! Alikuwa analipa. Auti kwa auti. Hakuwa amempa salamu ya mtego. Mpira aliusahau kwenye glavu kama yeye Batula alivyousahau mguu kwenye besi, na wakati wenzake walipombeba alikuwa anapiga kelele za kukana na hakuna aliyemsikia. Sasa hana maneno wala wazee wala buni za kahawa. Ana kitu kimoja tu cha kutoa, nacho ni mechi nzima na uso wake mbele ya shule yake, na amekileta mbele za watu.

Batula angeweza kuurusha mpira. Angejifanya hakuona. Hiyo ingekuwa hisani, wengine wangesema, na moyo wake kweli ulitaka kumwambia, rudi kwenye gunia, dada, rudi haraka. Lakini alimkumbuka mama yake na mlango uliofungwa kwa komeo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa siku ile. Mtu ameleta, na mwingine amekataa kupokea, na kosa limebaki nje juani miaka mitatu. Asipopokea sasa, atakuwa amefunga mlango ule ule.

Aliinua mkono na kunyoosha kidole.

"Refa! Ametoka kwenye besi!"

Lomuria akainua kichwa. Umulkheir alikuwa bado amesimama pale pale, hatua mbili nje ya gunia, mikono imelegea.

"Auti!" alisema refa, na hata yeye alionekana haamini. "Mechi imekwisha!"

Siwezi kuzieleza kelele zile. Wachezaji wa mjini walirukaruka, Kirimi akatupa kofia yake juu. Upande wa Ngaremara ilikuwa kama msiba. "Una wazimu?" walimpigia kelele Umulkheir. "Umefanya nini? Umefanya nini wewe?" Na watazamaji wengi walimgeukia Batula kwa dharau, maana kwao ilionekana amelipiza kisasi kwa mtu ambaye ameshamvunja mbavu. "Huyu binti hana huruma," alisema mzee mmoja waziwazi. Batula alisikia, akaacha. Alikuwa tayari anakimbia kuelekea besi ya tatu.

"Umulkheir! Nimepokea! Umenisikia? Nimepokea!"

"Nilisahau," alisema Umulkheir, na sasa ndipo alipolia. "Wallahi nilisahau kama nina mpira. Nilikuona tu."

"Najua. Na mimi nilikulenga."

"Najua. Niliuona ukija."

Walikuwa wameshikana hivyo, Umulkheir akihema kwa shida, Darmi alipofika. Alikuwa amevuka uwanja mzima kwa miguu ya haraka, na uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Batula! Toka hapo! Hujatosheka kuchekwa?"

"Aayo, amenilipa. Ametoka kwa makusudi ili tushinde. Amelipa ile salamu, na mimi nimepokea."

Darmi alibaki amesimama. "Umepokea," alisema. "Nani alikutuma upokee kitu kutoka kwa watu hawa?"

"Hakuna, aayo."

"Umepokea mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

Darmi alitaka kusema neno kali, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini Umulkheir alikunjika ghafla, akaketi chini, na blauzi yake ikapanda. Ubavuni palikuwa pamevimba na kubadilika rangi, alama ya duara, mpaka na mishono ya mpira ilionekana kwenye ngozi. Darmi alichuchumaa. Huyu ni mtoto aliyemkogesha kwa mikono yake. Alipagusa kidogo tu, na Umulkheir akauma midomo.

"Mchezo gani huu unaoruhusu hivi?" aliuliza.

Batula angeweza kunyamaza. Mama yake asingejua kamwe.

"Mchezo hauruhusu," alisema. "Nilimlenga, aayo. Nilikasirika nikamlenga. Ni makusudi."

Darmi alimtazama binti yake kwa muda mrefu kama mtu anayeona sura hiyo mara ya kwanza. Miaka mitatu alikuwa mwenye haki. Alikuwa ameizoea haki hiyo, akilala nayo na kuamka nayo. Na sasa yeye ndiye mwenye kosa, kwa mkono wa mtoto wake mwenyewe, na mama wa aliyekosewa amesimama pale kwa lori, mikono bado kichwani, hathubutu kusogea kumwona binti yake kwa sababu Darmi yuko hapo.

Aliinuka. Alirekebisha shuka begani, akairekebisha tena. Batula alidhani anaondoka kwenda nyumbani. Lakini Darmi aligeukia upande wa lori. Alitembea pole pole, na kila mtu aliyejua habari za nyumba zile mbili alimpisha njia, mpaka wauza mirungi. Alikuwa anajua vizuri anachokiendea. Mtu aliyewafungia wazee mlango anaweza naye kufungiwa, na hakuna atakayesema ameonewa.

Ado alimwona anakuja. Akashusha mikono.

"Ado," alisema Darmi alipofika. "Mtoto wangu amemuumiza mtoto wako. Si bahati mbaya, ni makusudi. Sina wazee hapa, sina buni. Nimekuja mwenyewe, mikono mitupu hivi, nime—"

"Nimepokea, dada," alisema Ado.

"Sijamaliza."

"Nimepokea."

Darmi alikuwa bado na maneno mengi, ameyapanga njia nzima. Alisimama mbele ya mdogo wake, hajui ayaweke wapi.